Kutu Si Uchafu

Mombasa chuma hakina maisha marefu. Ukikaa kisiwani, na hasa huku kwetu Makupa, unalijua hili bila kusoma kemia. Geti ulilopaka rangi Ramadhani hii, Ramadhani ijayo limeanza kuvimba chini. Bati la jikoni linatoboka. Mnyororo wa baiskeli unalia. Tuktuk ya miaka mitatu ukiichungulia chini utadhani ina miaka kumi na tatu. Na sote tuna dawa moja: msasa, rangi, maisha yanaendelea.

Dawa hiyo ina wazo ndani yake, na wazo lenyewe hatulikagui. Tunaamini kutu ni uchafu. Ati ni kitu kilichotoka nje kikaja kukaa juu ya chuma, kama vumbi juu ya meza. Ukifuta vumbi, meza iko pale pale; basi ukitoa kutu, chuma cha awali kiko chini yake, kinakungoja.

Sivyo. Kutu ni chuma chenyewe. Ni chuma kilichokutana na maji na oksijeni kikageuka kitu kingine, na chumvi ya bahari ikaharakisha kazi. Kitu hicho kipya huchukua nafasi zaidi ya mara mbili ya ile ya chuma kilichokizaa, ndiyo maana rangi ya geti huvimba kwanza kabla haijapasuka. Ule unga mwekundu unaoanguka sakafuni ukipiga msasa haukuwa takataka iliyolikalia geti. Ulikuwa geti.

Ukilikubali jambo hili dogo la kemia, swali gumu linafuata. Kukarabati kitu cha kale ni kufanya nini hasa? Kama hakuna "mwanzo" unaongoja chini ya kutu, tunarudisha nini? Na kwa faida ya nani? Mimi swali hili lilinifikia kupitia mtutu wa gobore, kwa hivyo nitalijibu kupitia mtutu huo huo.

Kwa ambaye hajawahi kuliona, gobore ni bunduki inayolishwa kwa mdomo. Unalisimamisha wima, kitako chini. Unamimina baruti mdomoni, unatia kitambaa, unatia goroli ya risasi au vipande vya chuma, halafu unashindilia yote hadi chini kwa ufito mrefu unaoitwa mdeki. Chini kabisa, ubavuni, kuna tundu dogo la kupitishia moto. Zama za gumegume moto huo ulikuwa cheche ya jiwe. Baadaye ukawa fataki. Bunduki za siku hizi hulishwa kwa nyuma. Tofauti hiyo yaonekana ya kiufundi tu, lakini hebu ishike, tutaihitaji: anayelishindilia gobore hana budi, kwa muda, kuweka mkono wake upande ule ule ambao risasi itatokea. Anasimama pale ambapo adui atasimama.

Wetu tuliupata mwaka jana, familia ilipobomoa nyumba ya babu ili kujenga fleti. Ilikuwa nyumba ya Kiswahili ya kawaida ya huku mtaani, ukumbi katikati, vyumba pande mbili, uani nyuma. Mlango wa uani ulikuwa na komeo la chuma ambalo sote tulilikuta pale tangu utoto. Usiku unalilaza kwenye kulabu mbili, asubuhi unalisimamisha ukutani. Mafundi walipolitoa, mmoja akalitazama mwishoni akasema, "Hili si nondo. Hili lina tundu." Kutu ilikuwa imelivaa lote, mabamba kwa mabamba. Hakukuwa na kitako wala kifyatuo. Mtutu mtupu, urefu wa mita moja na kitu.

Ami yangu, mdogo wake baba, alijua mara moja ni nini. Au alijua anachotaka kiwe. Katika familia yetu pana kisa kwamba babu wa babu alipigana upande wa Mbaruk bin Rashid, yule Mazrui wa Gazi aliyewasumbua Waingereza mwaka 1895 na 1896. Kisa hiki nimekisikia arusini, matangani, na kila mara mtu akitaka kuonyesha kwamba sisi hatukuanza jana. Sasa kisa kimepata mwili. Ami akataka mtutu usafishwe ung'are kama kioo, utiwe kitako kipya cha mvule, utundikwe sebuleni kwenye fleti mpya na kibao cha shaba chini yake. Mimi nimefanya kazi ya kuchomelea na vyuma kwa miaka kadhaa, basi kazi ikawa yangu.

Shangazi yangu alikuwa na maoni tofauti. Yeye na ami ni baba mmoja, mama mbalimbali, na kwetu pwani hilo "mama mbalimbali" wakati mwingine lina historia nzima ndani. Mama yake shangazi alilelewa na nyanya ambaye utotoni alikuwa mjakazi katika shamba la mnazi. Hili halisemwi arusini. Shangazi alimsikiliza ami hadi mwisho, kisha akasema kwa utulivu: "Nyinyi mwataka ing'are. Mimi nataka kujua ilimlenga nani."

Hakuna aliyemjibu siku hiyo. Lakini tangu hapo sikuweza tena kuiona kazi ile kama kazi ya msasa tu.

Tuseme ukweli kuhusu magobore ya pwani. Hayakuja hapa kwa ajili ya ushujaa wetu. Karne ya 19 bunduki ilikuwa bidhaa kama marekani na shanga. Mwaka 1888 konseli mkuu wa Uingereza huko Zanzibar, Euan-Smith, alikadiria kwamba bunduki kati ya 80,000 na 100,000 hupita kila mwaka kuingia bara. Nyingi zilikuwa silaha zilizopitwa na wakati Ulaya: majeshi ya huko yalipobadilisha bunduki, za zamani zilitafutiwa soko. Kisha ukaja Mkataba wa Brussels wa mwaka 1890, uliozuia bunduki za kisasa kuingizwa sehemu kubwa ya Afrika lakini ukaacha mlango kwa zile za gumegume, zisizo na mifuo ndani. Yaani bunduki mbovu ilipitishwa, nzuri ikazuiliwa. Miaka mitano baadaye watu wa Mbaruk wakakabiliana na manuwari na wanajeshi walioletwa kutoka India. Ngome yake ya Mweli ikaangushwa Agosti 1895, na mwaka uliofuata akavuka mpaka akajisalimisha kwa Wajerumani.

Mbaruk alikataa kutawaliwa na wageni. Huyo huyo na ukoo wake waliishi kwa mashamba yaliyolimwa na watumwa. Yote mawili ni kweli, na hakuna linalofuta jingine. Miaka hiyo hiyo bara ya Mombasa kulikuwa na vijiji vya watoro kama Fuladoyo, watu waliowakimbia mabwana zao, nao walikuwa na bunduki za kujilinda. Waliokuja kuwawinda walikuwa na bunduki. Mwanzoni mwa 1889 kampuni ya Kiingereza ya IBEA ililipa fidia kwa mabwana wa watumwa zaidi ya 1,400 waliokuwa wamekimbilia misheni za karibu na Mombasa, Rabai ikiwemo. Huko nako bunduki hazikukosa. Na utumwa wenyewe haukuondolewa kisheria pwani hii ya Kenya hadi mwaka 1907.

Sasa chukua mtutu mmoja kutoka zama hizo. Ungeweza kuwa wa mtu wa Mbaruk. Ungeweza kuwa wa mtoro, au wa mwinda watoro. Ungeweza kuwa wa mlinzi wa msafara, au wa mkulima aliyekuwa akifukuza nguruwe shambani, maanake hata hao walikuwepo na mara nyingi tunawasahau. Ungeweza kuwa wa wote hao kwa zamu, kwa sababu bunduki ilinunuliwa, ikaporwa, ikauzwa tena. Chuma hakishiki jina la mtu.

Ami akifungua mdomo kusimulia, anasimama kitakoni. Huko ndiko historia ya familia nyingi husimuliwa: nyuma ya bunduki, tukitazama mbele pamoja na shujaa wetu, jicho kwenye shabaha. Shangazi alikuwa anasimama upande wa pili. Hakuwa anapinga kisa. Alikuwa anauliza kionekane pia kutoka mdomoni.

Kabla ya kitu chochote, mtutu wa kale lazima upimwe kama una kitu ndani. Watu hudhani kitu kilichokaa kimya miaka mia moja ni kitupu. Baruti nyeusi ikikaa pakavu inaweza kuwaka hata baada ya zaidi ya miaka mia. Ukikuta chuma kama hiki usikichezee. Ita anayejua, na wenye mamlaka waarifiwe. Ami alipiga ripoti panapohusika, na tukampata mzee mmoja ambaye maisha yake yote ya kazi yalikuwa kuhifadhi vyuma vya kale. Kipimo chake kilikuwa rahisi. Aliingiza ufito mpaka ukagota, akautia alama pale mdomoni, akautoa na kuulaza kando ya mtutu kwa nje. Kwa kawaida unapaswa kufika karibu na tundu la moto. Wetu uliishia shubiri nzima kabla ya hapo.

Tukausimamisha uani, mdomo juu, tukaujaza maji, tukauacha siku kumi. Tundu la moto lilikuwa limezibwa na kutu, kwa hivyo maji hayakutoka. Kisha mzee akaanza kuvuta vitu kwa parafujo iliyofungwa kwenye ufito mrefu. Kwanza ulitoka udongo wa manyigu, mwingi. Tukacheka, tukadhani ndiyo mwisho. Halafu kikatoka kitambaa, au kilichokuwa kitambaa. Halafu vipande vitano vya chuma, kama vichwa vya misumari. Na mwisho, tope jeusi lenye harufu ya kiberiti.

Bunduki ilikuwa imeshindiliwa. Kwa maisha yetu yote, sisi na wazee wetu, tulikuwa tunafunga mlango kwa bunduki yenye baruti.

Kila mtu alikaa kimya kidogo. Ami alikuwa wa kwanza kusema. Alisema mzee alikuwa tayari, adui hakufika. Shangazi alivitazama vile vipande vitano kwenye sahani. "Basi kuna mtu alirudi kwao," akasema.

Sijasikia mtu akisema jambo la kweli zaidi kuhusu silaha. Ami aliona risasi ambayo haikupata nafasi. Shangazi aliona mtu, na pengine watoto wa mtu huyo, na wajukuu wake ambao huenda leo wanapanda matatu pamoja nasi hapa Makupa. Sahani ni moja, vipande ni vile vile. Kilichobadilika ni pale unaposimama ukivitazama.

Baada ya hapo ndipo tukafika kwenye kutu. Na hapa nataka kueleza njia, kwa sababu kila njia ya kutoa kutu ni uamuzi wa kimaadili hata kama hakuna anayeuita hivyo.

Njia ya kwanza ni grinda. Dakika kumi na tano mtutu unang'aa kama kijiko kipya. Lakini grinda haijui tofauti ya kutu na chuma, wala ya shimo la kutu na muhuri wa aliyeutengeneza. Inasawazisha vyote. Unachobaki nacho ni bomba linalong'aa lisilo na habari yoyote.

Njia ya pili ni siki au asidi. Inakula kutu, ikimaliza haisimami, inaanza chuma.

Njia ya tatu ni umeme: maji yenye magadi, chaja ya betri, kipande cha chuma cha kutoa muhanga upande wa chanya na mtutu upande wa hasi. Ni njia nzuri, haili chuma kizima, ila inatoa gesi ya hidrojeni, kwa hivyo hufanywa nje, mbali na moto.

Njia ya nne ni ya subira. Unachemsha mtutu katika maji safi. Kutu nyekundu, iliyo laini na yenye njaa, inageuka nyeusi, aina nyingine ya kutu iliyotulia. Unasugua taratibu kwa nyuzi za chuma, ule unga unaolegea unatoka, ule ulioshika unabaki. Unarudia. Mwisho unakausha na kupaka nta. Mtutu hautang'aa. Utakuwa mweusi wenye hudhurungi, na mashimo yake yote yataonekana.

Mzee alituambia jambo kuhusu vyuma vya baharini ambalo lilinisaidia kuchagua. Mbele ya Fort Jesus ilizama meli ya Kireno, Santo António de Tanná, Oktoba 1697, wakati ngome imezingirwa na Waomani. Wapiga mbizi walianza kuichimbua mwaka 1977, na vitu vyake unaweza kuviona leo katika makumbusho ya ngome hiyo. Chuma kilichokaa baharini miaka mia tatu, alisema, hukitoi ukakianika juani. Chumvi iko ndani kabisa. Kikikauka ghafla kitapasuka mbele ya macho yako. Unakiweka majini tena, maji ya magadi, unayabadilisha, miezi, pengine miaka, mpaka chumvi itoke yenyewe. Na hata hapo hakuna anayejaribu kukirudisha 1697. Kazi ni kuzuia kisiendelee kupotea.

Tukachagua kuchemsha. Tulikata mfereji wa bati, tukauweka juu ya majiko matatu ya makaa pale uani, tukachemsha mara sita katika wiki tatu. Watoto wa jirani walikuja kuuliza kama tunapika nyoka.

Hapo katikati akaja mnunuzi. Ni dalali wa vitu vya kale, alikuwa amesikia. Aliugeuza mtutu, akaupiga kwa ukucha, akauliza maswali mawili tu. La kwanza, "Una hadithi?" La pili, "Unalia?" Alimaanisha unapiga. Alisema wapo watu wanaopenda kufyatua moja mbili arusini, na bei ya bunduki inayolia ni nyingine kabisa. Tundu la moto lizibuliwe, ung'arishwe, utiwe kitako, basi.

Hapa ndipo suala la kung'aa linaacha kuwa la ladha. Ndani ya mtutu ule, ukimulika kwa taa ndogo, kuna mashimo. Kila shimo ni mahali ambapo ukuta ni mwembamba, na hakuna msasa wa kuurudisha unene huo, kwa sababu chuma chenyewe kilishaondoka. Baruti ikiwaka, nguvu yake hutafuta penye udhaifu. Penye udhaifu panaweza kuwa inchi chache kutoka kwenye jicho la bwana arusi. Mtutu wenye kutu humwonya kila anayeushika. Mtutu uliong'arishwa umenyang'anywa onyo lake. Aliyeung'arisha anajua. Aliyeununua hajui. Atakayeufyatua, labda mtoto wa aliyenunua, hajui hata kwamba kuna jambo la kujua.

Sisi vijana wa mjini tunaujua mchezo huu vizuri. Gari lililokuwa limeoza chini linapigwa pati, linapakwa rangi, mita ya kilomita inarudishwa nyuma, picha zinapigwa saa ya jua zuri. Tunamwita muuzaji mwizi. Lakini tukipewa historia ya familia, ya mji, ya taifa, tunataka pati na rangi vile vile, na anayeonyesha mashimo tunamwona mwenye gubu. Naamini ni kosa lile lile. Hadithi iliyosafishwa kupita kiasi ina kuta nyembamba, na anayeilipia ni yule aliyekuja baadaye akaiamini, akaegemeza uzito wake wote juu yake.

Kwa hivyo jibu langu kwa swali la mwanzo ni hili. Anayekarabati kitu hana deni kubwa kwa mwenye kitu. Mwenye kitu yuko hapo, anaweza kujisemea. Deni kubwa ni kwa watu wawili wasiokuwepo: yule aliyekuwa mbele ya mdomo zamani, na yule atakayekishika kesho bila kujua ulichofanya. Kazi nzuri ni ile ambayo wote wawili, lau wangeiona, wasingesema wamedanganywa.

Kuna pingamizi moja nzito, na binamu yangu aliitoa. Kwani kwa nini tuihifadhi hata kidogo? Kenya inachoma bunduki. Mwaka 2016 huko Ngong zilichomwa 5,250 zilizokamatwa au kusalimishwa, na mwaka 2021 zikachomwa nyingine 5,144. Mbona hizo zikichomwa tunapiga makofi, halafu ya kwetu tunaipaka nta? Nimelifikiria hili kwa siku nyingi, na sidhani kwamba umri pekee unatosha kuwa jibu. Hata hivyo Sheria ya Makumbusho na Turathi ya mwaka 2006 inachora mstari kwenye 1895: kilichotengenezwa au kuletwa nchini kabla ya hapo ni kitu cha kale. Mwaka huo huo Uingereza ilitangaza himaya yake hapa, Mbaruk akaasi, na Fort Jesus ikageuzwa jela, ikabaki jela hadi 1958. Lakini bunduki ya kale inayopiga bado ni bunduki. Jibu langu ni kwamba zile za Ngong zilikuwa na kesho: zingeweza kuua wiki ijayo. Kuhifadhi kwa haki hakurudishi uwezo huo. Ndiyo maana tundu la moto tuliliacha limezibwa, na mzee akahakikisha kwamba halitazibuka kwa urahisi. Tulitunza ushahidi. Kazi yake ya kuua hatukuitunza.

Uchemshaji wa tano ulituonyesha alama. Karibu na mwisho wa nyuma pana muhuri mdogo, nusu yake umeliwa, hausomeki. Karibu na mdomo pana mikato mifupi, minne au mitano, sambamba. Ami akasema hesabu ya vita. Binamu akasema hesabu ya watu. Mzee akauinua mtutu, akauweka kwenye zile kulabu za zamani tulizozitoa ukutani. Mikato iliingia sawasawa. Ilikuwa michubuko ya komeo, ya miaka mingi ya kufunga mlango usiku na kuufungua asubuhi.

Nilipenda ugunduzi huo kuliko muhuri. Makupa yenyewe ni mahali pa komeo. Hapa ndipo maji yalipokuwa haba, mtu akaweza kuvuka kwa miguu kuingia kisiwani maji yakipwa, na Wareno wakajenga vigome vidogo kulinda kivuko. Leo kuna daraja lililofunguliwa mwaka 2022, na malori hayaulizwi na mtu. Katika maisha yote ya mtutu ule, kazi ya pekee tunayoweza kuithibitisha ni hiyo: kufunga mlango ili watu walale. Ukipigwa grinda, ushahidi huo ungekuwa wa kwanza kuondoka.

Dalali hakuuziwa. Kitako cha mvule hakikutengenezwa. Badala ya kibao cha shaba kuna karatasi ndani ya mfuko wa plastiki, na ilichukua jioni mbili kuiandika, kwa sababu ami na shangazi walibishana kila mstari. Inasema ulipopatikana, njia tuliyotumia, mara ngapi tuliuchemsha, kilichokutwa ndani. Inasema kwa herufi kubwa usifyatuliwe, kuta zimeliwa. Inasema kwamba ami anasimulia ulikuwa wa vita vya Mbaruk. Mstari unaofuata unasema kwamba shangazi anasimulia kuhusu nyanya wa mama yake, na jina la nyanya huyo limeandikwa. Ni mara ya kwanza naliona jina lake kwenye karatasi ya familia.

Ami alitaka mstari huo wa pili uwe chini kabisa, kwa herufi ndogo. Shangazi akamwambia, "Ndugu yangu, karatasi ni kubwa, tutatosha sote." Ikaandikwa kwa ukubwa mmoja.

Vile vipande vitano viko kwenye kikopo cha kahawa, kwa shangazi. Mtutu uko kwa ami, ukutani, mweusi, hauvutii macho ya wageni. Kila baada ya miezi sita naenda kuupaka nta upya, na kukagua kama kuna wekundu mahali popote. Kwa kawaida upo kidogo. Hewa ya Makupa haijaacha kazi yake, na sisi bado hatujaacha yetu.